Kamera ya Kwanza ya SLR: Anza na Mahali, Kisha Lenzi, Bodi Iwe ya Mwisho

Karibu kila wiki kuna kijana ananiandikia: "Shikamoo kaka. Nina laki nane, nataka kuanza kupiga picha. Ninunue kamera gani?" Nami humrudishia swali: utapigia wapi? Hapo wengi hukwama. Wameshatazama video nyingi na wanazijua megapikseli za kila modeli, ila hawajawahi kukaa wakaufikiria ukumbi, sebule au uwanja ambako kamera hiyo itafanya kazi.

Nawaelewa, maana nami nilianza vilevile. Fedha yangu karibu yote niliimalizia kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na muuzaji akanishawishi niongeze kidogo nipate lenzi ndefu ya kuvuta mbali. Ilipendeza shingoni. Kazi ya kwanza ikawa sendofu ya binti wa shangazi, usiku, ukumbi wa taa za zambarau na bluu. Bibi harusi mtarajiwa anaingia na wenzake wakicheza, mimi nabonyeza, na kila picha inatoka imecheza, nyuso zimevutika kama rangi mbichi iliyopitishwa kidole. Nikirudi nyuma ili nipate kundi zima, nagonga ukuta. Shangazi aliniulizia picha miezi miwili, na nilizoweza kumpa bila aibu zilikuwa kumi na moja. Kamera haikuwa mbovu. Nilianza kununua kutokea mwisho. Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda hivi: mahali kwanza, halafu lenzi, halafu familia ya kamera, yaani Canon au Nikon, na bodi mwisho.

Kabla ya hapo, maneno machache kuhusu SLR yenyewe. Ni kamera yenye kioo ndani. Mwanga unaingia kwa lenzi, kioo kinaupeleka juu hadi kwenye kitundu cha kutazamia, kwa hiyo jicho lako linaona kile kile kinachoonwa na lenzi. Ukibonyeza, kioo kinainuka, pazia dogo liitwalo shata linafunguka, na sensa, yaani kipande cha ndani kinachonasa picha, inapata mwanga. Watengenezaji wakubwa sasa wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Bodi mpya za mwisho za SLR za Canon na Nikon zilitangazwa mwaka 2020. Kwa anayeanza hii ni nafuu kubwa. Watu wanaohama wanauza vifaa vizuri, na lenzi nyingi za SLR za kampuni hizo hufanya kazi kwenye kamera zao mpya kwa kutumia adapta, yaani pete ya kuunganishia. Lenzi utakayonunua leo haitatupwa.

Hatua ya 1: Nenda mahali utakapopigia, na simu yako

Nenda saa ile ile utakayokuwa kazini. Kama ni harusi, nenda usiku taa zikiwa zimewashwa. Kama ni picha za watoto nyumbani, kaa sebuleni jioni. Zima hali ya usiku kwenye simu, mwambie mtu atembee, kisha mpige picha kwa kamera kuu. Fungua maelezo ya picha hiyo. Simu nyingi zitakuonyesha namba tatu: ya apecha, yaani ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo pazia lilikuwa wazi, na ISO, yaani kiasi ambacho mwanga uliopatikana umeongezwa nguvu.

Tuseme umepata f/1.8, 1/30 na ISO 1600. Huko ndani kuna giza kuliko macho yako yanavyokuambia. Mtu anayecheza anahitaji shata ya walau 1/125 ili asitoke kama moshi. Ukiwa na lenzi ya f/1.8 kwenye SLR, utapandisha ISO hadi 6400 na kuipata hiyo 1/125. Picha itakuwa na chengachenga kidogo, lakini nyuso zitasomeka. Ukiwa na lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho tundu lake linabaki f/5.6, ambalo hupitisha mwanga mara kumi hivi pungufu. Kwa ISO ile ile 6400 shata itashuka hadi 1/13. Hapo aliyesimama kimya atapona, anayecheza hatapona. Ningekuwa nimefanya hesabu hii siku moja kabla ya sendofu ile, ningeazima lenzi.

Ukiwa huko huko, pima chumba kwa hatua za miguu: kutoka mtu atakaposimama hadi ukutani nyuma yako ni mita ngapi? Andika. Namba hiyo ndiyo itakayochagua lenzi.

Hatua ya 2: Chagua lenzi

Lenzi hutambulika kwa namba mbili. Ya milimita inaeleza upana: 18 inaona eneo pana, 250 inavuta mbali. Ya f/ inaeleza mwanga: kadiri namba inavyopungua, ndivyo tundu linavyopanuka. Lenzi isiyovuta, yenye milimita moja tu, wapigapicha huiita praimu.

Kamera nyingi za kuanzia huuzwa na lenzi ya 18-55, f/3.5-5.6. Usiidharau. Kwa 18, ukisimama mita tatu unapata upana wa mita tatu na nusu na zaidi, watu saba au wanane bega kwa bega. Kwa mahafali ya mchana, picha za kiwanja au nyumba inayouzwa, inatosha kabisa. Udhaifu wake ni giza, kama tulivyoona.

Dawa ya giza, kwa fedha ya kawaida, ni praimu ya f/1.8. Hapa ndipo watu hukosea kwa sababu kila mtu husifu 50. Ni nyepesi, ina bei ya chini, na hufuta vurugu za nyuma ya mtu vizuri sana. Lakini kamera za kuanzia zina sensa ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, kwa hiyo 50 huona eneo finyu kama 80 kwenye Canon au 75 kwenye Nikon. Kumpata mtu mzima kutoka utosini hadi viatuni utahitaji kurudi nyuma mita nne na kitu. Sebule ngapi zina mita nne ukishaondoa makochi? Kwa 35 utahitaji chini ya mita tatu. Ndiyo maana kwa anayepiga ndani ya nyumba na ana Nikon, nampendekezea AF-S DX 35mm f/1.8G bila kusita. Kwa Canon, 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 ni nzuri kwa sura na nusu mwili, na EF-S 24mm f/2.8 STM ni ndogo, inakaa mfukoni, na inafaa vyumba vyembamba, ingawa mwanga wake hauifikii 50.

Jambo moja la f/1.8 ambalo hakuna aliyenieleza mapema: ukiwa na 50, ukamsogelea mtu hadi mita moja na nusu, sehemu inayoonekana kali ina unene wa sentimita sita tu. Jicho likiwa kali, sikio limeshaanza kuyeyuka. Bwana na bibi harusi wakiwa wamepishana hatua moja, mmoja atakuwa ukungu. Kwa watu wawili funga hadi f/2.8 au f/4. Kwa kundi, f/5.6 ikiwa mwanga unaruhusu.

Lenzi ndefu, kwa mfano 55-250, ni ya mpira, ndege na jukwaa la mbali, na inataka jua. Kama kazi yako si hiyo, iache kwanza. Ukiichukua, chagua yenye kituliza mtikisiko: kwenye Canon imeandikwa IS, kwenye Nikon VR. Ila kumbuka kituliza kinatuliza mkono wako, hakimsimamishi anayecheza.

Kama ungeniambia nikuchagulie bila kuuliza zaidi, ningekupa 18-55 na praimu moja. Hizo mbili zilinilisha muda mrefu.

Hatua ya 3: Chagua familia

Lenzi ya Canon haiingii kwenye bodi ya Nikon, wala ya Nikon haiingii kwenye Canon. Ukishanunua lenzi mbili, umeshaoa. Ubora wa picha wa pande hizi mbili usikunyime usingizi. Angalia wanaokuzunguka: kaka, rafiki, mwenye studio ya mtaani wanatumia nini? Utaazima lenzi, betri na chaja kwao siku yako itakapoharibika. Kwa kijana mwenye mtaji mdogo, kuazimana huko kuna thamani kuliko maandishi yoyote kwenye boksi.

Kila familia ina mtego wake. Bodi za Nikon za D3000 na D5000, yaani D3200, D3300, D3500, D5300, D5600 na ndugu zao, hazina ndani mota ya fokasi, yaani ya kuirekebisha lenzi hadi picha iwe kali. Zinahitaji lenzi yenye mota yake, iliyoandikwa AF-S au AF-P. Ukiuziwa 50mm f/1.8D kwa sababu ni ya bei ndogo, itaingia vizuri lakini utazungusha fokasi kwa mkono kila picha. D90, D7000, D7100 na D7200 zina mota. Nazo AF-P zina masharti yake: kwenye bodi za zamani kama D3200 na D7000 hazipati fokasi. Upande wa Canon, lenzi za EF huingia kwenye SLR zake zote zenye jina la EOS, lakini za EF-S haziingii kwenye bodi za sensa kubwa, zile za fulu fremu, kama 5D na 6D.

Hatua ya 4: Sasa bodi

Kati ya kila shilingi kumi, mimi hutenga nne kwa bodi, nne kwa lenzi, na mbili kwa betri ya pili, kadi, begi na kinga ya unyevu. Mgawanyo huu utakulazimisha kununua bodi iliyotumika, na hilo si jambo la kuonea haya. Canon 700D ya mwaka 2013 yenye praimu itaishinda 250D ya mwaka 2019 yenye 18-55 peke yake mara taa za ukumbi zinapopunguzwa.

Megapikseli zipite haraka. Kumi na nane zinatosha kusafisha picha kubwa ya kutundika sebuleni, na bodi nyingi utakazokutana nazo zinazo au zinazizidi.

Viangalie zaidi vitu viwili ambavyo muuzaji hatavitaja. Cha kwanza ni kiatu cha flashi, pale juu ya kamera. SLR za kawaida zina pini ya katikati inayowasha flashi yoyote. Canon 2000D, 4000D na 250D hazina pini hiyo. Flashi nyingi za bei nafuu za kampuni nyingine huitegemea, kwa hiyo utaipachika, utabonyeza, na haitawaka. Kama unapanga kufungua studio ndogo ya pasipoti au kupiga harusi, hilo peke yake linatosha kukurudisha kwenye 700D au 70D.

Cha pili ni tundu la maikrofoni, kwa wanaotaka video. Canon 1200D, 2000D na 4000D hazina, wala Nikon D3400 na D3500. Zinalo 600D, 700D, 70D, 250D na D5300. Na kama video ndiyo kazi kuu, 70D ya mwaka 2013 ilikuja na mfumo wa fokasi kwenye sensa ambao humfuata mtu kwa utulivu, na bado nauamini.

Wengine hutamani kuruka moja kwa moja hadi 5D Mark II au 6D kwa kuwa zilizotumika zimeshuka bei. Sensa zake kubwa hupenda giza kweli. Lakini lenzi zinazozifaa ni ghali na nzito. Kwa kamera ya kwanza, nakushauri usubiri.

Kwa anayetumiwa kamera na ndugu aliye nje: Canon hubadilisha majina kwa nchi. Rebel T5 ya Marekani ndiyo 1200D yetu, T5i ndiyo 700D, T7 ndiyo 2000D, SL3 ndiyo 250D. Za Japani huandikwa Kiss. Usilipe zaidi kwa kudhani ni modeli nyingine.

Hatua ya 5: Ikague kabla hujatoa fedha

Hapa usione haya hata muuzaji akinuna. Nenda mchana, beba kadi yako ya kumbukumbu, tochi ya simu, na muda wa nusu saa. Anayekataa ukague, mwage kwa heri.

Anza na lenzi. Itoe kwenye bodi, iwashie tochi upande mmoja, tazama upande wa pili ukiiinamisha polepole. Vumbi la chembe mbili tatu si tatizo. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui: huo ni ukungu wa fangasi, na huku Pwani, kuanzia Tanga hadi Dar, Unguja na Mombasa, ndio ugonjwa mkuu wa lenzi. Niliwahi kuuziwa lenzi inayong'aa nje kama mpya, kumbe ndani imeshikwa. Picha zote za mchana zilikuwa na weupe kama nimepigia nyuma ya neti. Lenzi za Canon zikitolewa hubaki wazi, kwa hiyo utaona moja kwa moja. Nyingi za Nikon hufunga tundu, nawe unasukuma kidole kidogo cha chuma kilichopo nyuma ili lifunguke. Zungusha pete ya zumu, ile ya kuvuta mbali na karibu: ukisikia mchanga unakwaruza, iache.

Rudisha lenzi, washa. Weka apecha f/22, lenga mbingu au ukuta mweupe nje ya fokasi, piga, kisha kuza picha uipitie kona hadi kona. Vidoa hafifu vya mviringo ni vumbi kwenye sensa, fundi anasafisha. Mstari mkali usiohama kila picha ni mkwaruzo. Hapo aga uondoke. Funika lenzi kwa kifuniko chake, piga picha ya giza: nukta zinazowaka nyekundu au nyeupe zikiwa nyingi, sensa imechoka.

Kisha shata. Piga kwa 1/4000 juani, halafu kwa 1/125, halafu kwa sekunde nzima. Bendi nyeusi upande mmoja wa picha ya haraka ina maana pazia linasuasua. Shata za bodi za kuanzia hukadiriwa kufikisha picha laki moja hivi, na za daraja la juu kama D7000 au 5D Mark II laki moja na nusu. Nikon huandika idadi ndani ya kila picha, kwa hiyo chukua picha moja ya JPEG uisome kwa programu ya kusoma maelezo ya picha. Modeli nyingi za Canon huhitaji kompyuta na waya. Kamera ya harusi iliyopiga elfu themanini ni sawa na daladala ya barabara ndefu: bei iseme hivyo.

Inua flashi ya ndani, iwake. Jaribu fokasi kwa kitu cha karibu na cha mbali. Ikitokea Err 01 kwenye Canon, ujue bodi na lenzi havielewani. Safisha vichuma vya mguso kwa kitambaa kikavu, ikirudia usinunue. Fungua mlango wa betri na wa kadi, kisha vitazame vichuma ndani.

Mwisho kabisa, karatasi. Dukani dai risiti ya EFD yenye modeli na namba ya kamera, ile iliyoandikwa chini ya bodi. Kwa mtu binafsi mwandikishiane, namba hiyo iwemo. Kamera za wizi zinazunguka, na mwenye mali akitokea utaipoteza kamera pamoja na fedha.

Hatua ya 6: Vidogo vinavyookoa kazi

Betri ya pili nunua siku hiyo hiyo. Kadi chukua mbili ndogo badala ya moja kubwa, maana ikifa moja umebaki na nusu ya harusi. Kadi bandia ni nyingi: ijaze picha hadi mwisho, uzifungue zote kwenye kompyuta, ndipo uipeleke kazini.

Unyevu ndio adui wa kila siku. Nunua boksi la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana na mpira, weka silika jeli, vile vifuko vya kunyonya unyevu, ndani, kamera na lenzi zilale humo. Begi la kitambaa lililofungwa kabatini ni shamba la ukungu.

Flashi ije baada ya praimu. Ukiipata, igeuze ipige dari jeupe, mwanga ushuke laini. Lakini kumbi zetu hufunikwa vitambaa darini. Flashi ikigonga kitambaa cha zambarau, ngozi zinarudi zambarau. Tazama juu kwanza.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza nayo

Jaza betri. Weka hali ya Av kwenye Canon au A kwenye Nikon, ambako wewe unachagua apecha na kamera inachagua shata. Ukiwa na praimu, weka apecha f/2.8, ISO ijichagulie lakini isizidi 6400. Chagua nukta moja tu ya fokasi. Ukiiachia kamera itashika pua, shanga au ua la nyuma. Jua pia kwamba kipima mwanga hutaka kila kitu kiwe kijivu. Shela jeupe likijaza fremu, kamera itafifisha picha yote na sura nyeusi ya bibi harusi itazama gizani. Bonyeza kitufe cha kujumlisha na kutoa, panda hadi +1, utaona ngozi inarudi na mng'ao wake.

Jioni, jua likilegea, mweke mama kwenye kigoda mlangoni, uso wake uelekee nje. Simama ndani ya kivuli kile kile, mita mbili hivi. Nukta ya fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Mwongeleshe, usimwambie atabasamu. Piga thelathini, kuza kila moja uone kope, futa zisizo kali. Tatu zilizobaki zipeleke studio zikasafishwe, kisha mpe mama picha zake.